Mstari Ambao Randa Hakuusoma

Benchi lile lilikuwa ubao uliokataa kuwa kitanda. Ulipinda ukiwa bado unakauka, seremala akaukunjia uso, akaupigilia miguu minne, akauweka nje ya karakana yake, na tangu siku hiyo ukapata kazi kubwa kuliko kitanda chochote: kubeba wanaume wasio na haraka. Kushoto karakana, kulia kinyozi, katikati muuza kahawa na jiko lake la mkaa. Mbele, ng'ambo ya barabara, lilisimama duka la sofa lenye kioo kutoka chini mpaka juu, na taa zinazowaka mchana kweupe kama vile jua limefukuzwa kazi. Ukikaa pale benchini huna pa kutazama ila kule. Ndiyo maana kahawa ya pale, hata ikitiwa sukari vijiko vitatu, wenyewe waliinywa kwa uchungu.

Seremala walimwita Randa, kwa ajili ya chombo chake cha kulainishia mbao, na pia kwa ajili ya ulimi wake, ambao haukuwahi kulainisha kitu. Kinyozi alikuwa Redio, kwa sababu hana pa kuzimia. Fundi wa mabomba aliitwa Bomba tu, mtu ambaye jambo lolote la dunia hii, ndoa, siasa, hata ugonjwa wa meno, atakueleza kwa tangi na koki. Muuza kahawa ni Birika, anayesema kidogo na kuhesabu vikombe sana.

Na mwenye duka la ng'ambo? Watu wa siku hizi wanamwita Mkurugenzi. Benchi lilimwita Vumbi. Miaka sita alifagia vumbi la msumeno katika karakana ya Randa, akashika ncha ya pili ya ubao, akala mchana chungu kimoja na watoto wa Randa. Siku alipoaga, Randa alimwambia hakuna mtu mwenye akili atakayenunua kiti kwa kijana asiyejua hata kunyoosha msumari uliopinda. Sasa Vumbi ana malori mawili, yote yameandikwa jina lake ubavuni. Na Randa, kwa mkosi wake, alijifunza kusoma mwaka uleule malori yale yalipoandikwa. Alikuwa na miaka hamsini na moja, anakwenda jioni kwenye darasa la watu wazima, anakalia madawati aliyoyatengeneza mwenyewe. Jambo la kwanza alilolisoma barabarani peke yake, bila mwalimu, bila kusaidiwa herufi hata moja, lilikuwa jina la Vumbi likimpita kwa kasi.

Wivu wake haukuwa wa kelele. Ulikuwa kibanzi kilichoingia chini ya ukucha: mtu unafanya kazi, unacheka, unakula, ila kila ukishika kitu kinakukumbusha kwamba kipo.

Asubuhi hiyo, kahawa ikiwa ya kikombe cha pili, alifika shemeji yake, mjane wa marehemu mdogo wake, mshona mito ya sofa. Benchi zima lilimwita Mama Mito. Alikuwa anashonea kwenye pembe ya nyuma ya karakana ya Randa, mahali ambapo vumbi la msumeno linaangukia kitambaa kabla sindano haijafika. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Hakukaa. Alieleza akiwa amesimama, na Redio, ambaye alikuwa ameacha mteja kitini na povu shavuni, akatoka nje na wembe wake ili asipitwe. Jambo lilikuwa hivi. Vumbi alikuwa amempa Mama Mito oda ya mito ya sofa mia mbili. Sponji na kitambaa anunue mwenyewe. Malipo, siku sitini baada ya kupeleka mzigo. Pesa ya kununulia sponji anayo moja tu, ile ya kiwanja cha marehemu, na watoto watatu wanasoma kwa pesa hiyo hiyo. Akilipwa, atapanga chumba chenye mlango wake, barabarani, na meza ya kukatia. Asipolipwa, atawafunga watoto mzigo arudi nao kwa mama yake. Jibu linatakiwa kabla ya saa sita mchana. Baada ya hapo oda inapewa fundi mwingine.

— Wewe shemeji ndiye uliyeniambia nisimkopeshe mtu nisiyejua hali yake, alisema Mama Mito. Nimemwomba hesabu zake, akanipa. Maneno nayasoma, ila sijui yanasema nini. Nisomee.

Randa alishusha kikombe. Kwanza kilichomuuma ni kwamba Vumbi alitoa karatasi bila kusita. Pili, ilikuwa na mhuri. Lakini chini ya maumivu hayo kulikuwa na utamu. Tangu ajue kusoma alikuwa ameendelea na masomo ya hesabu za biashara, jioni mbili kwa wiki, na kijitabu cha masomo hayo alikiweka mfuko wa aproni, pamoja na penseli yake bapa ya useremala, kikawa na mafuta ya mikono kama kitabu cha sala. Hakuna aliyewahi kumletea karatasi ya hesabu asome. Na ya kwanza kuletwa ni ya Vumbi. Mungu ana njia zake.

Akavaa miwani. Akasoma kimya kwanza, midomo ikitembea, kidole kikifuata mstari, na benchi likanyamaza kama linasomewa wosia.

Kisha akawaeleza. Mali za muda mfupi, alisema, ni vile vitu vya kampuni ambavyo ndani ya mwaka mmoja vitageuka kuwa pesa: pesa yenyewe iliyopo, watu inaowadai, na bidhaa zilizoko ghalani. Madeni ya muda mfupi ni yale yatakayobisha hodi ndani ya mwaka huohuo. Unachukua cha kwanza unagawa kwa cha pili. Ukipata moja kamili, mtu anapumua kwa tundu moja la pua. Ukipata chini ya moja, anazama. Ukipata mbili, huyo analala mpaka anakoroma.

— Maji yaliyomo tangini, gawa kwa koki zilizofunguliwa, alisema Bomba.

— Hivyo hivyo.

— Sasa hiyo si elimu, kaka. Hiyo mimi naijua tangu utotoni.

Randa akaandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao. Mali, milioni tisini na sita. Madeni, milioni arobaini na nane. Akagawa. Akatazama jibu. Akalifuta kwa kidole, akagawa upya kutoka upande mwingine, polepole, kama mtu anayepima ubao anaoombea uwe mfupi.

Mbili. Mbili kavu, bila hata desimali ya kumfariji.

Hakuna aliyemuuliza jibu. Walilisoma usoni mwake. Redio ndiye aliyekuja kumwokoa. Alisema mtu hapati mbili kwa jasho. Mchumia juani hulia kivulini, wahenga walisema; sasa huyu Vumbi nani amemwona juani? Hata mara moja. Basi na hicho kivuli si chake. Bomba akaongeza kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Vumbi hakumsikia Randa siku ile anaondoka, ila mpaka leo hata kuchechemea hachechemei, kwa hiyo kuna kitu. Redio akasema anakijua hicho kitu: yale malori asubuhi yanatoka yamejaa sofa, jioni yanarudi kwa barabara ya nyuma yamejaa sofa. Sofa ni zilezile. Zinatembezwa mjini ili watu waone biashara.

— Na mafuta ya lori analipa nani? aliuliza Birika.

— Ndiyo uone mtu alivyo na kiburi.

Mama Mito hakucheka. Aliangalia saa ya simu yake, akamwuliza Randa, basi mbili ndiyo nzuri? Nikubali?

Hapo Randa akakumbuka ukurasa wa tisa. Kumbe kulikuwa na kipimo cha pili, kikali kuliko cha kwanza. Akakitoa kijitabu mfukoni, akalamba kidole, akaufungua, na sauti yake ikarudi na nguvu. Mwalimu aliwaambia, alisema, kwamba kuna kampuni inaonekana nene kumbe unene wote uko ghalani. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu kama atalipa kesho, toa bidhaa kwenye hesabu. Bakisha pesa na wanaodaiwa tu. Kwa sababu sofa, hata iwe ya kifalme, huwezi kuikata mguu ukalipia umeme.

Benchi liliipenda hiyo. Bomba aliirudia mara mbili ili aje kuitumia mahali.

Ghalani kulikuwa na milioni sabini na mbili. Randa akazitoa kwa raha, kama mtu anayeng'oa jino la adui yake. Zikabaki ishirini na nne: tisa taslimu, kumi na tano kwa watu. Madeni yaleyale arobaini na nane. Akagawa mara moja tu, safari hii hakurudia.

— Nusu, alisema. Kwa kila mia anayodaiwa, cha kulipia ana hamsini. Na nikitaka taslimu tupu, ile iliyopo mkononi leo hii, hata ishirini haifiki.

Akavua miwani. Wenzake walisema baadaye kwamba hawakuwahi kumwona na sura nzuri vile, hata siku ya harusi ya binti yake.

Basi benchi likapata asubuhi yake. Redio akasema alijua. Zile taa ni za kukodi, ndiyo maana anaziwasha mchana, anataka kuzimaliza kabla hazijarudishwa. Bomba akasema siyo taa tu, kioo chenyewe ni cha mkopo, na siku ya siku watakuja watu na ngazi wakibandue, abaki amekaa barazani kama samaki nje ya maji, maana maji yakimwagika hayazoleki. Redio akasema hilo dogo. Yule mama wa kilemba cha kijani anayeonekana kila siku ndani akijaribu sofa, amemhesabu wiki hii mara tatu, sofa ileile, mkao uleule. Yule si mteja. Yule ameajiriwa kukaa. Bomba akasema na hizo sofa atakuwa anakaa kwa adabu, kwa sababu ndani hazina mbao, ni makaratasi yaliyogandishwa kwa gundi. Mtu mnene akikalia asubuhi, jioni anaamka sakafuni.

Hata Birika, ambaye huwa hasemi mtu, alijisogeza.

— Mimi sina neno naye. Ila kahawa yangu hanunui.

— Anakunywa wapi?

— Ana mashine ndani.

Wote waliguna. Makaratasi na gundi vingeweza kusameheka, lakini mashine ya kahawa, na mwenye kahawa yuko mbele ya mlango wako, hiyo ilikuwa dharau isiyo na dawa.

Na Randa alikuwa amekaa katikati ya maneno yale kama mtu anayeota moto. Aliona chumba chenye mlango wake kikiyeyuka, na hilo nalo, akijichunguza vizuri, halikumuuma sana. Shemeji akipata chumba, ile pembe ya nyuma itabaki tupu. Mito ya viti vyake yeye nani atashona? Nani atakayemwambia jioni, shemeji funga kazi, macho yako yamekuwa mekundu? Vumbi alichukua wateja, akachukua barabara, akachukua hata macho ya watu. Sasa anamtaka na mshona mito.

Mama Mito alikuwa amekwisha fungua simu.

— Basi namjibu hapana, alisema. Si neno. Nilikuwa nimeshakiona na chumba chenyewe. Kina dirisha. Shemeji, niandike sababu gani? Mtu amekupa hesabu zake kwa heshima, huwezi kumwambia hapana tupu.

Randa akarudisha miwani ili amtafutie sababu yenye maneno mazuri. Akashuka upande wa madeni, ambao mpaka hapo alikuwa amesoma jumla yake tu, ile namba ya chini iliyopigwa mstari mara mbili. Wanaodai mbao, milioni kumi. Mishahara na kodi, milioni nane. Na mstari wa tatu: malipo ya awali ya wateja, milioni thelathini.

Akasimama hapo.

Malipo ya awali. Yaani advansi. Watu waliotoa pesa kabla, wanasubiri sofa. Kwenye karatasi hilo ni deni, na ni deni kweli, kijitabu kilisema hivyo na mwalimu alilisisitiza, kwa sababu mafundi ndilo kosa lao kubwa: advansi ikiingia mkononi wanaila kama riziki, wanasahau kwamba imekuja na kamba. Lakini Randa alikuwa seremala miaka thelathini. Alijua jambo ambalo mwalimu mwenyewe, na tai yake, hakulisema. Aliyekupa advansi hatakuja kudai pesa. Atakuja kudai kiti. Na kama kiti kiko tayari ghalani, deni hilo linalipwa kwa kubebwa mlangoni, watu wawili, mmoja huku mmoja kule.

Thelathini ile haikuwa ya kulipwa kwa taslimu. Ukiitoa, madeni ya kulipwa kwa pesa yalikuwa kumi na nane tu. Na vya kulipia ni ishirini na nne. Hakuhitaji penseli. Mtu huyu angelipa kila anayemdai, na angebaki na chenji.

Dole gumba lake lilikuwa juu ya mstari ule. Hakuliweka makusudi, ndivyo alivyokuwa ameshika karatasi. Lakini sasa alijua liko wapi, na hakulitoa.

— Shemeji? Niandike nini?

Ilikuwa rahisi. Hakuna aliyejua. Bomba miwani yake ilivunjika tangu mwaka jana, Redio alikuwa anamweleza Birika jinsi ya kuharibu mashine ya kahawa kwa chumvi, na Mama Mito mwenyewe alishasema anayasoma maneno hajui yanasema nini. Angesema tu: andika hali ya ukwasi hairidhishi. Neno ukwasi lingetosha. Nani angebisha?

Lakini hapo ndipo alipokwama. Kwa miaka hamsini Randa alisomewa. Barua za mama yake alisomewa, vyeti vya watoto alisomewa. Na mara moja, mkataba wa mbao, karani wa ofisi fulani alimsomea ukurasa mzima kwa sauti nzuri ya upole, akaruka mstari mmoja. Mstari mmoja tu. Uliochukua msumeno wake wa umeme, ule ambao aliununua kwa akiba ya miaka minne. Kila alipokwenda darasani jioni, amechoka, mgongo unawaka, hakuwa anakwenda kutafuta vyeti. Alikuwa anakwenda kumtafuta yule karani. Na leo, mchana kweupe, amempata. Amekaa kwenye benchi lake, amevaa miwani yake.

Alitoa dole.

— Usiandike kwanza, alisema. Kuna mstari sikuusoma.

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa mkato, kama mtu anayetapika, ila alieleza yote: deni la pesa na deni la kiti, kumi na nane, ishirini na nne. Mama Mito alimrudisha nyuma mara mbili mpaka akaelewa. Benchi lilipoa kama mkaa uliomwagiwa maji.

— Fundi, umetuharibia asubuhi, alisema Redio.

— Nimesoma kilichoandikwa.

— Nani alikutuma usome mpaka chini?

Bomba alikuwa hajakata tamaa. Alisema sawa, tukubali, deni la kiti linalipwa kwa kiti. Sasa hivyo viti vipo? Karatasi inaweza kusema ghala limejaa, kumbe ndani panya wanacheza karata. Tangi ukiligonga nje likalia, hujui lina maji au lina mwangwi. Redio akapata uhai upya. Akasema ndiyo maana mbele kumewekwa kioo, ili watu wasiulize ya nyuma. Kule nyuma hakuna ghala, kuna ukuta uliochorwa picha ya ghala. Amesikia kwa mtu. Bomba akasema yeye alisikia ni pazia. Wakaanza kubishana, ukuta au pazia, na Redio akatoa ushahidi wa kivuli cha huo ukuta saa kumi jioni, na Bomba akasema mficha uchi hazai, sasa huyu amezaa malori mawili, hebu jiulizeni.

Mlango wa kinyozi ulifunguliwa. Akatoka yule mteja, mtu wa makamo ambaye hakuna aliyemjua, taulo shingoni, shavu moja safi, la pili lina povu lililokwisha kauka likapasuka kama udongo wa kiangazi. Alikuwa amesikiliza kila kitu kutoka kitini. Hakuwa na hasira. Alionekana mtu anayetaka tu kuelewa.

— Samahani, wazee wangu. Kati yenu, nani ameshawahi kuingia mle ndani?

Redio alifungua mdomo. Ukabaki wazi. Bomba aliangalia koki aliyokuwa nayo mkononi, akaizungusha, akairudisha ilivyokuwa. Birika alianza kuosha vikombe ambavyo alishaviosha. Duka lile lilikuwa na miaka mitatu pale. Mlango wake haukuwa na mlinzi, ulikuwa na kibao kilichosema karibu, na Randa alishakisoma mara nyingi kuliko maandishi mengine yoyote duniani.

Mteja akasubiri kwa adabu, kisha akajigusa shavu, akarudi ndani kukaa.

— Mimi naingia, alisema Mama Mito. Ila sofa siijui, najua mto. Nitajuaje kama ni mbao au ni makaratasi? Twende, shemeji.

Randa alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya benchi mahali pake, kisha akavuka barabara nyuma ya shemeji yake, akitazama kulia na kushoto muda mrefu kuliko magari yaliyokuwepo.

Ndani kulikuwa na harufu ya mbao. Alikuwa ametegemea harufu ya gundi. Vumbi alikuwa mezani anaongea na simu; alipowaona alimwambia wa kwenye simu subiri, akasimama, akafunga kifungo cha shati.

— Shikamoo, fundi.

Randa angefurahi sana kama angedharauliwa. Alikuwa amejiandaa kwa dharau, ana majibu yake tangu mwaka wa kwanza. Kwa shikamoo hakuwa na kitu.

— Marahaba, alisema.

Mama Mito akaomba waone ghala. Vumbi hakuuliza kwa nini. Akawafungulia mlango wa nyuma, akawasha taa, akarudi kwenye simu yake akawaacha peke yao.

Hapakuwa na pazia wala ukuta uliochorwa. Kulikuwa na sofa, zimepangwa safu kwa safu, zimefunikwa nailoni. Randa aliinama, akainua moja kwa upande, akaingiza mkono chini kwenye giza lake, akapapasa viungo. Vilikuwa vimekaa. Akainua ya pili. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akaweka sikio. Akajaribu ya pembeni kabisa, ile ambayo fundi mjanja angeificha kama anaficha. Ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Alibaki amepiga goti pale, mkono bado ndani, muda ambao kazi ile haikuuhitaji.

Kila sofa ilikuwa imefungwa kikaratasi mguuni. Randa akaanza kuvisoma. Jina la mtu, mtaa, imelipiwa nusu, gari siku ya Alhamisi. Jina, mtaa, imelipiwa yote. Jina, mtaa. Wenye advansi na mali zao, mmoja mmoja, kama alivyosema mwenyewe kule benchini. Akaenda safu ya pili. Mama Mito alimwona akiinama na kunyanyuka, akiinama na kunyanyuka, na akadhani anahakikisha kwa ajili yake. Kwa sehemu ilikuwa kweli. Sehemu nyingine alikuwa anatafuta sofa moja tu isiyo na jina la mtu, iliyokaa hapo bila kutakwa na yeyote. Ziko za namna hiyo, akazipata saba, kwenye pembe. Alizihesabu mara mbili. Saba si kitu kwa ghala lile.

Akanyooka, akashika kiuno.

— Kubali, alisema. Ila mwambie siku thelathini badala ya sitini, na nusu ya pesa ya sponji atangulize yeye. Anaweza. Usimwachie aseme hawezi.

Mama Mito alimtazama. Ilikuwa saa sita kasoro robo.

— Shemeji, una hakika?

— Ninayo. Hiyo ndiyo inayoniuma.